Barua kwa shoga yangu aliyepewa ukurasa wa vichekesho

Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako nimeipata, na habari ya gazeti kukupa ukurasa wa vichekesho kila wiki, maneno 700, imenifurahisha mno. Hongera. Umeniuliza mambo mawili: muda utautoa wapi na watoto watatu wa shule, na je, kuwachekesha watu kwa mambo ya nyumbani hakukutii dhambini? Naanza na la pili, kwa kuwa la muda likipangwa limepangwa, lakini hili utakutana nalo kila wiki.

Fungua Suratul Hujurat, usome aya ya 11 na ya 12 kwa pamoja. Ya 11 inakataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya, ya 12 inakataza kusengenyana. Kwa kazi yako hiyo ni mipaka mitatu: usimdhalilishe mtu, usimbandike mtu jina, usimseme asiyekuwepo kujitetea. Nakuhakikishia vichekesho vinavyobaki ndani ya mipaka hiyo ni vingi kuliko utakavyoweza kuandika. Acha umbo la mtu, kigugumizi chake, kabila lake, ufukara wake. Shika tendo linalofanywa na kila mtu. Mtu anayeingiza tarakimu 20 za umeme wa LUKU gizani, amefika ya 19, mtoto akamuuliza kesho ni siku gani: hapo nani amevunjiwa heshima? Kila msomaji amewahi kusimama mbele ya ile mita, anajicheka mwenyewe.

Kuna na hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, kwamba ole wake mwenye kusema uongo ili awachekeshe watu. Hii inawatisha waandishi wengi wa dini yetu, na ni haki iwatishe. Mimi naichukulia hivi, nawe muulize shehe unayemwamini: kisa ambacho msomaji anajua kimetungwa hakimdanganyi. Anayedanganya ni yule aandikaye “haya yametokea kweli mtaani kwetu” hali hayakutokea. Kwa hiyo mwombe mhariri neno “Hadithi” likae juu ya kila kipande chako, na usiandike hata siku moja “kisa cha kweli” ili kunogesha.

Mzaha wenyewe si haramu. Bwana mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) akaomba mnyama wa kupanda. Akajibiwa kwamba atapandishwa juu ya mtoto wa ngamia. Akastaajabu, mtoto wa ngamia nitamfanyia nini? Mtume akamuuliza, kwani ngamia huzaliwa na nani ila ngamia? Tazama ilivyojengwa: hakuna neno la uongo, hakuna aliyeaibishwa, na bwana yule kapata mnyama wake. Kilichochekesha ni kwamba ukweli umecheleweshwa kidogo, akili ya msikilizaji ikatangulia njia isiyo yake. Ndiyo kazi yako yote hiyo, shoga yangu. Chelewesha ukweli.

Katika sentensi kanuni hiyo ina maana moja ya vitendo: neno linalochekesha likae mwisho, na lisielezwe. Ukiandika “Mgeni alikaa wiki nzima, akajifanya mwenyeji mpaka akatundika kanzu yake ukutani, ingawa alisema anapita tu”, umelimaliza jambo kabla msomaji hajalionja. Andika hivi: “Mgeni alisema anapita tu. Siku ya nne akaomba nyundo na msumari.” Ishia hapo. Kanzu msomaji ataitundika mwenyewe. Waandishi wanaoanza huharibu sehemu hii kwa kuongeza sentensi ya tatu, au alama tatu za mshangao, au kumtaja mtu mwingine anayecheka ndani ya kisa. Mhusika akicheka, msomaji huacha. Mhusika wako awe makini kabisa, tena mwenye hoja nzito kuhusu huo msumari.

Sasa watu wa nyumbani. Weka orodha ya yasiyoandikwa kamwe, uiandike ndani ya jalada la daftari: ya chumbani, ugonjwa wa mtu, madeni, matokeo ya mtihani ya mtoto, na ugomvi ambao haujasuluhishwa. Yaliyobaki ni halali yako, lakini kwa kubadilisha mambo matatu kila mara: umri, kazi, na mahali. Kubadilisha jina peke yake hakumfichi mtu. Wifi yako atajulikana kwa namna anavyokataa chakula mara mbili halafu akala sahani mbili, hata ukimwita nani. Basi yule wifi mfanye mjomba, mpe gereji, mpeleke Korogwe.

Na ukiona bado anajulikana, msomee kabla ya kumpelekea mhariri. Msomee kwa sauti, ana kwa ana, na umpe haki ya kufuta sentensi moja bila kujieleza. Mara nyingi ataacha vyote unavyovihofia, akafute kitu kidogo ambacho hukukifikiria, kama rangi ya pazia lake. Futa. Mama mkwe asisomewe na wewe. Asomewe na mwanawe. Mtoto aliyeanza shule naye aulizwe, kwa kuwa gazeti lile litafika darasani mwake likiwa limefungia vitumbua.

Nije kwenye muda. Kosa kubwa ni kumwambia mumeo “nahitaji muda wa kuandika”. Maneno hayo hayana mwisho, na kisicho na mwisho kinamtia mtu wasiwasi. Mwambie: nusu saa baada ya swala ya Alfajiri, siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa, na katika nusu saa hiyo akiamka yeye ndiye wa kupika chai. Hilo mtu anaweza kulikubali.

Nimetaja Alfajiri kwa sababu huku kwetu pwani hiyo saa haihami sana. Adhana hubaki karibu na saa 11 mwaka mzima, ikitangulia au kuchelewa kwa robo saa au zaidi kidogo. Watoto unawaamsha saa 12 kasorobo. Umeshaamka, umeshatawadha, nyumba iko kimya, na simu hujaishika. Usiishike! Data ibaki imezimwa mpaka umefunga daftari. Ujumbe mmoja wa kikundi cha wazazi unatosha kuimeza hiyo nusu saa.

Andika kwa mkono, kwenye kaunta buku, si kwenye simu. La kwaya mbili litakufikisha mbali kuliko unavyodhani. Andika ukurasa wa kulia tu, wa kushoto uache kwa masahihisho. Kwa mkono, nusu saa huleta maneno 250 hivi, kwa hiyo 700 ni asubuhi tatu. Ya nne isome kwa sauti ya chini tangu mwanzo hadi mwisho, na popote ulimi unapokwama, kata. Ya tano chapa na utume kwa baruapepe, nakala moja kwa mhariri na nyingine kwako mwenyewe, maana simu huanguka ndooni na watoto hufuta vitu.

Ukikatishwa katikati, usilalamike na usijaribu kumaliza aya. Andika maneno matatu ya kinachofuata, kwa mfano “nyundo, msumari, jirani”, kisha nenda. Kesho yake hayo matatu yatakurudisha pale pale. Wanaoacha bila kuandika chochote hupoteza robo saa kutafuta walipoishia, ndipo huanza kuwanunia watoto.

Kuna kazi inayotaka ukimya na kuna isiyoutaka, na ukizichanganya nyumba inakuwa chungu. Kutunga kunataka ukimya: ni Alfajiri tu. Kusahihisha kunavumilia kelele. Baina ya Magharibi na Isha una saa moja na ushei, watoto wako kwenye mkeka na juzuu zao na kazi za shule. Keti nao, na wewe ushike kalamu yako. Mdogo mpe daftari lake na penseli, aandike chochote, na uwe unamsomea sentensi zako kila unaposita. Asipocheka mtoto wa miaka tisa, chunguza kama umeficha jambo mbali sana. Mwana Kupona, yule mshairi wa kale wa Lamu, alipoutunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, alimwita binti yake aje aketi na wino na karatasi. Dini, ndoa, usafi wa nyumba na kalamu vyote vimo mle mle, na mtoto yuko mbele yake. Mimi sioni kwa nini wanawake tuambiwe kwamba anayeandika sharti ajifungie.

Mchana usijipangie chochote. Mchana ni wa kukusanya. Sokoni, kwenye daladala, kwenye foleni ya zahanati, sikiliza watu wanavyosema, kisha ujirekodi sauti sekunde kumi, maneno yao yalivyotoka. Usirekodi sauti zao; hiyo ni amana. Usiku, kabla ya kulala, hamisha kwenye kurasa za nyuma za daftari, mstari mmoja kwa kila jambo. Lisilochekesha tena baada ya siku mbili, pitisha mstari juu yake.

Misiba, homa za watoto na harusi zitakuja, na gazeti halingoji. Kabla hujatuma kipande cha kwanza, hakikisha una vingine viwili vimekamilika, visivyohusiana na tarehe wala habari za wiki. Hivyo ni akiba. Ukitumia kimoja, jaza nafasi yake ndani ya wiki mbili. Asiye na akiba ndiye huandika usiku wa mwisho, na usiku wa mwisho ndipo mtu humwandika wifi yake kama alivyo.

Ramadhani ipange tangu Shaabani. Andika vipande vinne mwezi huo, kwa kuwa baada ya tarawehe hutakuwa na nguvu, na jioni ni ya jikoni. Kumbuka kila mwaka mwezi unatangulia kwa siku 10 au 11 katika kalenda ya kawaida, hivyo usinakili ratiba ya mwaka jana. Katika Ramadhani yenyewe bakisha dakika 20 baada ya daku, za kurekebisha tu. Na kipande cha Idi kimfikie mhariri kabla ya kumi la mwisho, ili zile siku ziwe za ibada, usiwe unahesabu maneno ukiwa kwenye mswala.

Kuhusu malipo, pata maandishi: kiasi kwa kipande, siku ya kulipwa, na kama wana ruhusa ya kukichapa tena. Fedha hiyo kisheria ya dini ni yako, lakini nakushauri utenge sehemu inayojulikana kwa jambo moja la nyumbani, mfano gesi. Watoto wakijua mtungi umejazwa na vichekesho, watakulindia nusu saa yako wenyewe.

Kile kisa cha mgeni na mzani wa samaki ulichoniandikia mwishoni mwa barua ndicho kianze. Kina kila kitu, ila mwenye mzani umemfanya mjinga. Mfanye mwerevu kuliko mnunuzi, uone kitakavyoamka. Kikiwa tayari niletee kwa sauti, usinitumie maandishi, nikisikie kama kinavyosomwa. Nitakujibu kabla ya Ijumaa.

Msalimie shemeji, na watoto wote watatu uwabusu kwa niaba yangu. Bi mkubwa mwambie ile dawa ya miguu nimeshampa dereva wa basi.

Wasalaam,
Shoga yako