Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kijitabu, Kadi na Bahasha za Vipande

Ndugu wanachama, walimu wenzangu, habari za tangu tulipoachana Korogwe. Poleni na safari, hasa mlioshuka kutoka Lushoto alfajiri na baridi ile.

Mweka hazina ameshawasomea hesabu na mmeshampigia makofi, kwa hiyo habari za fedha sitazirudia, ila kusema tu kwamba waliolipa ada wanajijua na wasiolipa wanajijua zaidi. Nafasi yangu nitaimalizia kwenye kazi moja tuliyojitwika mwaka jana: kutengeneza nyenzo za marudio za somo la kompyuta kwa watahiniwa wa Kidato cha Nne, nyenzo ambazo mwalimu mwenye kompyuta nne zinazowaka na wanafunzi hamsini anaweza kuzitumia Jumatatu asubuhi bila kumwomba mtu kitu. Naanza na kilichoharibika.

Kijitabu chetu mnakijua. Tulijigamba nacho sana. Kurasa zilijaa maswali na majibu, tukachangishana rimu za karatasi, tukakesha kwenye mashine ya fotokopi, kikaenda Muheza, kikaenda Handeni, kikapanda mpaka Lushoto. Wiki ya pili nikakiingiza darasani kwangu mwenyewe. Tukafika kwenye swali la kubadili 45 kuwa namba ya binari, yaani ya 0 na 1 tu. Jibu la kijitabu: 101011. Msichana mmoja anayekaa karibu na dirisha akanyoosha mkono. "Mwalimu, hii ni arobaini na tatu." Nikamwambia asome vizuri, kitabu kimepitiwa na kamati nzima. Akainuka, akachukua chaki, akaandika 32, 16, 8, 4, 2, 1, akashusha zile tarakimu moja moja chini yake, kisha akapigia mstari 32, 8, 2 na 1. Hakujumlisha. Akarudi kukaa. Darasa zima likajumlisha kwa sauti.

Jibu sahihi ni 101101. Ukurasa ule niliuchapa mimi usiku, tarakimu mbili zikapishana, na asubuhi nikausaini kama umehakikiwa. Kosa ni langu, si la kamati, na nimeona niliseme hapa mbele yenu badala ya kuliacha lizunguke kwenye simu. Mwalimu mmoja wa Handeni alinipigia akaniuliza, kwa upole kabisa, kama kuna binari mpya imetoka.

Lakini kosa lile lilikuwa dogo, na lilirekebishwa kwa kalamu. Lililonisumbua zaidi ni jinsi kijitabu kilivyotumika. Wanafunzi walikisoma. Walikisoma tena. Wengine walikipaka rangi ya njano ukurasa kwa ukurasa, mpaka sehemu isiyopakwa ndiyo ikaonekana ya muhimu. Ukimwambia afunge na akueleze tofauti ya swichi na ruta, vile vifaa vya kuunganisha mtandao, anakutazama kama umemnyang'anya kitu. Tulikuwa tumewapa kitu cha kutazama, nao wakakitazama. Kurudia ni jambo jingine.

Kwa wale waliobisha kwenye kikao cha Machi kwamba kusoma na kurudia kusoma kunatosha, nirudie nilichowasomea siku ile. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanachuo vifungu vya kusoma. Kundi moja likasoma kisha likasoma tena. Jingine likasoma mara moja, kisha likaandika yote linayoyakumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili waliongoza: asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yakapinduka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Mwanafunzi wetu anasoma usiku wa kuamkia jaribio, anapata alama nzuri, anaamini ameelewa. Mtihani wa Taifa unakuja Novemba, na kuanzia hiyo alfajiri mpaka Novemba si dakika tano.

Ndiyo maana katikati ya mwaka tuliacha kijitabu tukahamia kwenye kadi. Karatasi ya manila inakatwa vipande vya ukubwa wa kiganja: swali upande mmoja, jibu upande wa pili. Sanduku ni la katoni ya sabuni, limegawanywa vyumba vitatu kwa maboksi yaliyokunjwa. Kadi zote zinaanzia chumba cha kwanza. Ukiipata, inasogea mbele. Ukiikosa, inarudi mwanzo hata kama ilikuwa imeshafika mwisho. Chumba cha kwanza kinafunguliwa kila kipindi, cha pili mara moja kwa wiki, cha tatu kila baada ya wiki mbili. Mbinu hii ilienezwa na mwandishi Sebastian Leitner miaka ya 1970, sisi tumeongeza katoni ya sabuni tu. Uzuri wake, mwanafunzi anatumia muda kwa lile asilolijua. Kijitabu kilimpa kila swali uzito uleule, naye kwa ubinadamu wake akawa anarudia yale anayoyapenda.

Kadi moja ikazaa mjadala ambao nusura utugawe, nao ni wa lugha. Mtihani ni wa Kiingereza, hilo halina ubishi. Lakini yupo kijana wa shule ya mwanachama mwenzetu, Muheza, aliyeeleza anwani ya IP, ile namba inayotambulisha kompyuta kwenye mtandao, mbele ya wenzake kwa Kiswahili kilichonyooka: kwamba ni kama anwani ya nyumba, ila mpangaji anaweza kuamka kesho akakuta nyumba imebadilishwa namba, na barua bado inamfikia kwa sababu kuna anayeweka daftari la nani yuko wapi leo. Mtoto ameshaelewa mpaka ugawaji wa anwani za muda. Kwenye karatasi aliandika sentensi moja ya kukariri, yenye neno moja lililokosewa, akapata sifuri.

Wengine mlisema nyuma ya kadi pakiandikwa Kiswahili tutawalemaza. Wengine mkasema bila Kiswahili tunafundisha kasuku. Tumekubaliana hivi: swali kwa Kiingereza cha mtihani, jibu kwa Kiingereza cha mtihani, na chini yake mistari miwili ya Kiswahili cha darasani, ile tunayoisema kweli tukisimama ubaoni. Mimi nilikuwa upande huo tangu mwanzo, sifichi. Kuhusu istilahi, tulipigia kura "tarakilishi" na "kompyuta". Matokeo mnayajua, na mwalimu wa Kiswahili wa shule yangu hajanisamehe bado.

Sasa bahasha. Hii ndiyo kazi ya mwaka huu ninayojivunia, na wazo si letu. Dale Parsons na Patricia Haden, walimu wa New Zealand, waliliandikia mwaka 2006: badala ya kumwambia mwanafunzi aandike programu kutoka karatasi tupu, mpe mistari yake ikiwa imechanganywa, aipange. Sisi tulichapa programu fupi za lugha ya Python, mstari mmoja kwa kipande, tukavikata, tukavitia kwenye bahasha za kaki. Hakihitajiki umeme wala mashine. Wanafunzi watatu kwa bahasha moja.

Niwape ile ya kujumlisha, kwa kuwa ndiyo iliyotufundisha sisi walimu. Ina mistari minne: jumla inaanza na sifuri, lupu (maagizo yanayorudiwa) inayosema for i in range(1, 6), jumla inaongezwa i, kisha print(jumla), yaani onyesha jumla. Mpangilio wa juu kwenda chini karibu kila kundi lililipata. Kazi ilikuwa pembeni. Python inatambua kilicho ndani ya lupu kwa mstari kusogezwa kulia, kwa hiyo tulichora mistari miwili ya chaki kwenye dawati, moja ya ukingo na moja ya ndani, na vipande vikazuiliwa na vizibo vya soda maana upepo wa dirishani haukuwa na huruma. Kundi la nyuma liliweka print kwenye mstari wa ndani. Kundi la mbele liliiweka ukingoni. Wote walishikilia kwamba wako sawa, na sikusema neno. Nikawaambia kila kundi liwe kompyuta: mmoja ashike i, mmoja ashike jumla, wa tatu aandike kinachotoka. Kundi la mbele likatoa 15. La nyuma likatoa 1, 3, 6, 10, 15. Kijana wa kundi la nyuma akatazama orodha yake, akatazama kipande, akasogeza kizibo kimoja kushoto kama sentimita tatu. Hakusema kitu.

Halafu binti mmoja akauliza mbona 6 haikujumlishwa ilhali imeandikwa kabisa. Nimefundisha range miaka kadhaa, na kila mwaka nawaambia namba ya mwisho haihesabiwi, na kila mwaka wanaikosea. Mwaka huu wameiona ikikosekana wenyewe, na swali limekuja kutoka kwao. Bahasha hiyo hatuigusi.

Tahadhari moja: msitie mistari zaidi ya minane. Mwanachama mmoja alijaza kumi na saba, kipindi kikaisha watoto bado wanatafuta kipande kilichoangukia chini ya dawati.

Kuhusu mitihani iliyopita. Pasti pepa kila mtu anazo, na tatizo lake ni lilelile la kijitabu: zinasomwa pamoja na majibu yaliyonakiliwa kutoka kusikojulikana. Kinachosahaulika ni kwamba Baraza la Mitihani hutoa bure taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, ICS (Information and Computer Studies), yaani somo letu la kompyuta, ikiwemo. Humo kuna picha za majibu halisi, mazuri na mabovu. Hayo mabovu ni dhahabu. Tuliyatoa nakala, tukayaita "wagonjwa", tukawaambia wanafunzi wawe madaktari: anaumwa nini, atibiwe vipi, angepata alama ngapi. Mtoto ambaye hawezi kukosoa kazi yake anakosoa ya mtu asiyemjua bila woga. Nasihi kila mwanachama apakue taarifa hizo akipata bando, azihifadhi kwenye flashi, na azisome yeye kwanza. Mimi mwenyewe nilijikuta nimekuwa nikifundisha jibu moja ambalo taarifa inalitaja kama kosa la kawaida.

Mengine nitayapitia haraka. Michezo ya kufundishia kompyuta bila kompyuta, ile iliyotengenezwa na Tim Bell, Ian Witten na Mike Fellows, na inayoendelezwa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, imeingia vizuri vidato vya chini. Dada yetu wa Lushoto alichora mtandao wa kupanga namba kwa majivu kwenye uwanja wa netiboli, wanafunzi sita wakatembea humo wakilinganisha namba kila wanapokutana wawili wawili, wakatokea upande wa pili wamepangika. Mkuu wa shule alidhani ni mazoezi ya gwaride.

Kolibri, programu ya masomo na video inayotumika bila intaneti, tuliisimika kwenye mashine moja, nyingine zikaiunganisha kwa waifai bila intaneti. Inafanya kazi. Ila video si marudio. Wanaziangalia kama sinema na wanacheka lafudhi. Pawepo maswali ya kujibu kila baada ya dakika chache, la sivyo tuzime.

Umeme ulikatika siku ya zoezi letu la vitendo la pamoja, kuanzia saa tatu mpaka jua linazama. Hilo tumelizoea. Lakini safari hii tulikuwa na bahasha, na kipindi hakikupotea.

Yaliyo mbele yetu. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 unaingia kwa awamu, kwa hiyo kwa kipindi fulani tutakuwa na vidato vya chini vyenye somo la Sayansi ya Kompyuta na vya juu vinavyomalizia ICS, mwalimu yuleyule, chumba kilekile. Kadi zitengenezwe kwa rangi mbili za manila ili zisichanganyike. Mada zinazoshabihiana, kama binari na mitandao, zisitengenezwe upya; zipigwe muhuri wa rangi zote mbili. Najua kuna wanaotaka tuanze kila kitu mwanzo. Hatuna nguvu hizo.

Pili, kuanzia sasa hakuna swali linalochapwa kabla ya walimu wawili kulifanya kila mmoja kivyake, bila kuona jibu la mwandishi. Majibu yakitofautiana, swali linarudi. Sheria hii inamhusu mwenyekiti kwanza. Nimeshaiandika kwenye daftari la chama na kuiwekea tarehe.

Tatu, katibu wetu amepata uhamisho na anaondoka mkoani. Kadi nyingi za mitandao ni mwandiko wake, utautambua kwa herufi za g zilizolala. Nafasi yake itajazwa leo mchana baada ya chakula, na naomba tusimchague mtu kwa sababu hayupo.

Kikao cha kukata kadi kitakuwa Jumamosi ya pili baada ya shule kufunguliwa, hapahapa Korogwe, saa nne kamili, na saa nne ni saa nne. Kila mmoja aje na mkasi wake. Mwaka huu tulikuwa na mikasi miwili, na mmoja ulikuwa wa kukatia nywele.