Salamu za Mashujaa kwa Wana wa Mombasa: Damu kwa Zamu

Ndugu zetu wa Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, heri ya Siku ya Mashujaa. Wazee wetu, shikamooni.

Tarehe 20 Oktoba ilikuwa Siku ya Kenyatta hadi Katiba ya 2010 ilipoipa jina jipya, heshima iwaenee wote waliojitoa kwa ajili ya nchi. Sisi wa Pwani tuna Mekatilili wa Menza, aliyewainua Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913. Lakini salamu zetu leo ni za ushujaa usio na gwaride: kutoa damu.

Kwa hili Wakenya hawasukumwi. Agosti 7, 1998, bomu lilipoua watu zaidi ya 200 jijini Nairobi, na tena Septemba 2013, walipouawa 67 pale Westgate, wananchi walipanga foleni ndefu bila kuuliza majeruhi ni wa kabila gani au wa dini gani. Foleni zile ni fahari yetu. Ila ukiona vyaelea, vimeundwa. Damu iliyotoka mshipani sasa hivi haitiwi mtu papo hapo. Sharti ipimwe virusi vya ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, na kundi lake lijulikane. Majeruhi wa saa ya kwanza huokolewa na mfuko uliokuwamo frijini kabla ya msiba kutokea.

Na mfuko huo una umri. Chembe nyekundu hukaa siku 35 katika nyuzi 2 hadi 6 za baridi; chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, siku 5 tu, tena zikitikiswa muda wote. Sasa shikeni kalenda. Damu ya 20 Oktoba mwisho wake ni 24 Novemba: haifiki Jamhuri, sembuse Krismasi. Mwanamume aliyetoa siku hiyo hurudi baada ya miezi mitatu, yaani 20 Januari, na mwanamke baada ya minne. Kwa hiyo mtaa mzima ukijitokeza Mashujaa kwa shangwe, Desemba hauna mtu wa kutoa. Na Desemba ndiyo yenye mabasi yaliyojaa barabara ya Nairobi na ajali zake, huku shule zimefungwa, ilhali wanafunzi ni katika wachangiaji wetu wakubwa wa damu.

Basi gawaneni zamu. Nyumba yenye watu wazima wanne, wawili watoe wiki hii, wawili wangoje hadi baada ya 20 Novemba. Timu ya mpira, kwaya, chama cha akina mama, steji ya matatu, vivyo hivyo. Anayengoja zamu yake asionekane mwoga.

Anayetoa awe na umri wa miaka 16 hadi 65 na uzito wa kilo 50 kwenda juu. Asije na njaa: mahamri na mbaazi yatosha, na maji nusu lita, maana kwa joto la Mombasa wengi wanaozimia ni wale waliokuja wakavu au walioinuka kwa haraka. Mfuko hupokea mililita 450, na ndani yake mna dawa ya kuzuia damu kuganda, iliyopimwa kwa kiasi hicho. Ukijaa nusu, dawa huizidi damu na mfuko huenda ukatupwa. Ndiyo sababu mhudumu hukuambia ufumbe na kufumbua ngumi. Kazi yenyewe ni kama dakika kumi. Kisha bonyeza pamba mkono ukiwa umenyooka (ukiukunja, damu huvilia chini ya ngozi), keti dakika 15, unywe soda. Mkono huo usibebe mzigo siku hiyo.

Tafadhali, asije mtu kutoa damu ili apimwe ukimwi bure. Aliyeambukizwa karibuni kipimo chaweza kisimwone, na damu yake ikaenda kwa mtoto. Maswali ya mhudumu yajibuni kwa ukweli, hata yakiwa ya aibu.

Mfuko ukishafungwa, lebo huwa na namba, kundi na tarehe. Jina la mtoaji halimo. Damu ya mtu wa Jomvu yaweza kumfaa mama wa Kisumu aliyevuja damu baada ya kujifungua, au mtoto wa Kilifi mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu. Wengi wetu wa Pwani tumeulizwa babu alizaliwa wapi tulipotafuta kitambulisho. Friji ya damu haina swali hilo.

Kituo cha damu cha kanda kimo katika uwanja wa Hospitali ya Rufaa ya Pwani. Njooni na vitambulisho. Zamu ya kwanza wiki hii, ya pili baada ya 20 Novemba. Sikukuu njema.