Kuzungumza na mifugo ni ibada

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo ambalo wafugaji wengi tunalijua, ila tunaona haya kulitamka: kuzungumza na mifugo kunaweza kuwa ibada. Alfajiri ninapomwita ng'ombe wangu kwa jina na kumpapasa shingo kabla ya kumkamua, moyo wangu hutulia kuliko ninapoomba kwa maneno mengi. Naye hunijibu kwa namna yake, akilegeza masikio, akicheua taratibu na kuyaachia maziwa, ambayo ng'ombe mwenye hofu huyazuia.

Wanaodhani mnyama hawezi kutambua nyuso wakumbuke kwamba mwaka 2001 watafiti wa Uingereza walionyesha kuwa kondoo huweza kukumbuka nyuso 50 za kondoo wenzake kwa zaidi ya miaka miwili.

Sidai kwamba ng'ombe anaielewa dini yangu. Nasema kwamba kiumbe asiyelaghaiwa kwa maneno matamu, anayeihisi hasira iliyo mkononi mwangu hata nikiificha usoni, hunilazimisha kumkaribia nikiwa mkweli, na ukweli huo ndio nilioutafuta miaka mingi katika sala. Nawasihi viongozi wetu wa dini walizungumzie jambo hili waziwazi.

Wako mwaminifu,
Mfugaji