Msiyatupe matone matupu

Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa afya kuhusu usomaji wa jeni katika seli moja moja ilinifurahisha, maana kazi hii ni nadra kuandikwa kwa Kiswahili. Lakini mwandishi aliruka hatua ambayo ndiyo inayokula muda wangu mwingi kama mchambuzi wa takwimu za maabara: kutenganisha RNA (nakala za jeni ambazo seli inazitumia, na ndizo zinazosomwa) iliyotoka ndani ya seli na ile iliyokuwa ikielea nje.

Mashine hufungia seli ndani ya tone dogo sana la maji lililozungukwa na mafuta, pamoja na chembe yenye msimbo wake. RNA inayonaswa ndani ya tone hubandikwa msimbo huo, na kompyuta huihesabu yote kuwa mali ya seli hiyo. Sasa, sampuli inapoandaliwa kuna seli zinazopasuka. RNA yake humwagika, na maji hayo, ambayo sisi tunayaita supu, huingia katika kila tone, liwe na seli au lisiwe nayo. Yapo pia matone yanayomeza seli mbili kwa pamoja, kompyuta ikadhani imeona seli moja ya ajabu.

Nikifungua jedwali la damu ambayo seli zake nyekundu zilipasuka, nakuta jeni ya himoglobini, HBB, imejaa katika seli T, seli B, monosaiti (zote ni seli nyeupe za damu), kila safu. Seli T haitengenezi himoglobini, kwa hiyo hapo kosa linaonekana waziwazi. Shida ni pale ambapo hakuna anayelijua jibu mapema.

Ndivyo ilivyotokea kwenye ubongo. Mwaka 2022 Emre Caglayan na wenzake wa Marekani walichapisha katika jarida la Neuron uchambuzi mpya wa takwimu za ubongo wa binadamu zilizokwisha kutolewa na watafiti mbalimbali. Seli za neva zina RNA nyingi, hivyo supu ya ubongo ni ya kwao. Kundi lililokuwa limepewa jina la oligodendrosaiti changa (oligodendrosaiti ni seli zinazofunika nyuzi za neva) lilikutwa kuwa viini vya glia, yaani seli saidizi za ubongo, vilivyochafuliwa na supu hiyo. Walipoisafisha, zikajitokeza seli adimu za kweli, zile zilizo njiani kugeuka oligodendrosaiti, ambazo tafiti nyingi za awali hazikuwa zimezitambua. Hili linaniuma zaidi: uchafu uliokuwa umezaa seli za uongo ndio huohuo uliozificha za kweli.

Dawa ipo. Programu ya SoupX, iliyotolewa na Matthew Young na Sam Behjati mwaka 2020, huitambua supu kwa kuangalia matone matupu, yaani yasiyo na seli, kwa kuwa chochote kilichomo humo hakikutoka kwenye seli iliyonaswa. Programu ya CellBender, ya taasisi ya utafiti ya Broad Institute huko Marekani, nayo huyategemea matone hayo. Ndiyo maana nasononeka kila ninapoletewa faili lililokwisha chujwa, matone matupu yamefutwa na faili ghafi halipo tena. Najua diski ni ghali na intaneti yetu ni ya kusuasua. Lakini bila matone hayo, kipimo bora cha supu kimepotea.

Kuna na kosa la upande wa pili, la kuchuja seli kwa viwango vilivyoigwa tu kutoka kwa wengine. Wengi hutupa kila seli ambayo zaidi ya asilimia 5 ya RNA yake ni ya mitokondria (vijiungo vinavyoipa seli nishati), wakiamini inakufa. Seli za misuli ya moyo zina mitokondria tele zikiwa hai na nzima. Ukitumia kiwango hicho unabaki na moyo usio na misuli.

Kwetu hapa naiogopea zaidi malaria. Mgonjwa akichomwa kidole, vimelea vya malaria vya aina ya falciparum vinavyopatikana kwenye damu ile kwa kawaida ni vya hatua ya pete, yaani vichanga, kwa sababu vilivyokomaa hujibanza kwenye kuta za mishipa midogo. Pete ina RNA kidogo mno. Kiwango kilichopangwa kwa seli za binadamu kitalihesabu tone lake kuwa tupu, na kimelea kilekile ulichomchomea mtu kidole kitafutwa kabla hujakiona.

Ninaomba mambo mawili. Waandishi wako, kabla ya kutangaza kuwa seli mpya imegunduliwa, wamuulize mtafiti kama jeni zinazoitambulisha hazikujaa pia katika matone matupu, na kama faili ghafi linapatikana kwa anayetaka kuhakiki. Na wanaofadhili miradi wakubali diski za kuhifadhia faili hizo ziingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, pamoja na kemikali na mashine.

Mchambuzi wa takwimu za maabara,
Morogoro