Shukrani kwa mzee wa duka la vipuri, Kirinyaga Road, Nairobi

Mzee wangu, uliniomba nisikutaje jina, nami nimetii. Lakini kunyamaza siwezi.

Land Rover ya marehemu baba, Series IIA ya 1965, ililala miaka kwa sababu ya kijisanduku kimoja: regyuleta ya Lucas RB106, inayodhibiti chaji ya dainamo, ule mtambo wa zamani wa kuzalisha umeme wa gari. Kila fundi aliniambia niitoe dainamo niweke alteneta, mtambo wa kisasa wa kuchaji. Ushauri si mbaya, ila nilitaka gari liwe vile baba alivyoliacha, hadi waya zake.

Uliponiona nimeishika ile iliyoungua, hukuuliza bei yangu. Uliingia ndani ukatoka na nyingine imefungwa kwa gazeti, kifuniko cheusi, skrubu zake bado zinang'aa, na herufi za sehemu za kufungia waya, A, A1, F, D na E, zinasomeka vizuri. Nilishindwa kusema.

Kisha ukaacha duka na wateja ukaja nami. Gari hili chasi yake ni chanya, yaani ncha chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye chasi, ukanieleza, na dainamo lazima ikumbushwe upande wake, upi chanya na upi hasi, kabla ya kuwashwa. Ukachomoa waya wa F kwenye regyuleta, ukaugusisha kwenye ncha hasi ya betri kidogo tu, cheche ikaruka. Tulipowasha injini na kukanyaga mafuta, ile taa nyekundu ya chaji ikafifia, ikazima.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alilia.

Ulipokea bei ya kifaa tu, ya kazi ukakataa. Asante sana, mzee wangu. Mungu akuzidishie.