Tarehe 21 Novemba

Ndugu zangu, habari za jioni. Siku kama hii, mwaka 2017, mwandishi wa habari Azory Gwanda alichukuliwa Kibiti, mkoani Pwani, Tanzania, na watu wasiojulikana. Alikuwa ameandika habari za mauaji ya huko. Gari jeupe lilimfuata mkewe shambani. Azory akiwa ndani akamuuliza ufunguo wa nyumba uko wapi, akasema ana safari ya dharura. Hajarudi hadi leo. Ufunguo ule haunitoki kichwani.

Basi saa moja jioni tuweke mitandaoni picha ya ufunguo wa nyumbani na swali moja: Azory yuko wapi? Ibara ya 18 ya Katiba inaturuhusu kuuliza. Anayehofia kibarua chake asilazimishwe, tafadhali. Atakayeitwa polisi asiende peke yake, anipigie kwanza tumtafutie wakili.