Risala ya Wanafunzi Watumishi wa Umma kwa Mgeni Rasmi, Kisumu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Waziri wetu wa Utumishi wa Umma katika Kaunti, uongozi wa chuo, wahadhiri wetu, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana, hamjambo.

Ratiba ya leo ni ndefu, kwa hivyo tunaingia moja kwa moja kwenye suala la karo.

Kifungu cha 232 cha Katiba kinataka watumishi wa umma wapewe nafasi sawa za kuajiriwa, kupata mafunzo na kupanda cheo. Mafunzo hukwama kwenye kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, masomo huanza Septemba, na mgao wa kaunti ukichelewa, idara haina cha kulipa mpaka mitihani inabisha hodi. Asiyemaliza karo hapewi kadi ya mtihani, hata awe na barua ya idara mkononi. Somo analirudia kwa gharama yake.

Ndiyo sababu tunaomba msamaha wa karo, wala si kulipiwa karo. Kulipiwa kunangoja pesa zitoke kaunti ziingie akaunti ya chuo. Msamaha maana yake chuo hakidai. Jimbo la Florida kule Marekani limeliweka jambo hili katika sheria: mtumishi wa jimbo husamehewa karo ya hadi krediti 6 kwa muhula, yaani kama kozi mbili, mradi nafasi zimebaki darasani. Sharti hilo la nafasi kubaki ndilo linaloufanya mpango uwezekane. Tuseme darasa la jioni lina nafasi 40 na waliolipa ni 28. Mhadhiri wa muda hulipwa kwa saa, na taa zitawaka vilevile. Kuvijaza viti 12 hakuligharimu darasa hilo chochote cha maana. Kozi za maabara ni habari nyingine, kwa kuwa kemikali na vifaa huongezeka kwa kila kichwa. Hizo hatuziombei.

Lakini sharti hilo lina makali yake. Mtumishi atangoja usajili wa kawaida ufungwe, na kozi zinazopendwa zitajaa mapema. Na neno "bure" lisimdanganye mtu: ada ya usajili, mtihani, maktaba na mahafali zitabaki juu yake. Heri aambiwe mapema kuliko aje mfuko mtupu.

Kwa upande wetu, kosa linalorudiwa kila mwaka ni kujisajili kwanza kisha kutafuta kibali. Kibali hutangulia. Kamati ya mafunzo huangalia barua ya chuo ya kukubaliwa, mchanganuo wa karo, barua ya mkuu wa idara na jinsi kozi inavyohusiana na kazi. Karani wa hesabu anayeomba kusomea uhasibu hasumbuliwi sana. Akiomba kusomea uanahabari, aandae maelezo. Majina nayo yalingane: Awuor wa kwenye kitambulisho akiwa Awour kwenye hati ya mshahara, faili hurudishwa.

Kuna pia bondi, yaani ahadi ya maandishi ya kuendelea kuitumikia kaunti baada ya masomo au kulipa. Hofu ya wengi ni kutia saini fomu isiyotaja kiasi. Tunapendekeza fomu itaje thamani ya karo iliyosamehewa, na deni lipungue kwa kila mwezi ambao mtumishi anaendelea kuitumikia kaunti baada ya kuhitimu. Anayehamia kaunti nyingine alipe kilichobaki tu.

Mheshimiwa, maombi yetu ni haya. Kaunti na chuo watie saini makubaliano kabla ya Septemba, ili chuo kitangaze viti vilivyobaki siku usajili unapofungwa. Idara itoe kibali cha kozi nzima badala ya muhula mmoja mmoja. Na ateuliwe afisa mmoja wa kushika faili hizi, mwenye mamlaka ya kuandikia ofisi ya fedha ya chuo moja kwa moja, kwa sababu barua inayopitia meza nne humkuta mwanafunzi ameshafungiwa mlango wa chumba cha mtihani.

Ni sisi wanafunzi watumishi wa umma,
Kisumu.